Edith Bado Anaandika

Tangazo la kifo cha Edith Mmbone liliingia kwenye simu ya Peninah siku ya Jumatano. Alhamisi, Edith akamwandikia barua.

Tangazo lilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa Doha, lile ambalo watu huuzia magodoro, hutafutia nafasi za kitanda na kuchangiana misiba. Lilisema kwamba dada yetu Edith Mmbone, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani huko Al Rayyan, alituacha mwezi uliopita baada ya kuugua ghafla, kwamba mwili ulifika salama Vihiga, mazishi yamekwisha, na familia inawashukuru wote waliosimama nayo. Chini yake watu walipanga viganja vya kuomba na maua. Halafu mtu mmoja, Mungu amsamehe, akauliza kama kuna anayeuza friji.

Peninah hakuwa amesimama na mtu. Kundi lile alikuwa amelinyamazisha tangu lilipojaa matusi ya siasa, na siku hiyo alilifungua kwa bahati tu, akitafuta mtu wa kumletea unga wa wimbi kutoka nyumbani. Alisoma tangazo lile mara mbili mbele ya meza ya pasi, katika duka la dobi la Muaither alikofanya kazi, mvuke ukimpiga usoni. Hakulia. Alijiambia kwamba Vihiga ina akina Edith Mmbone wengi, akaendelea kunyoosha kola.

Kesho yake gari la nyumba ya Al Rayyan likaleta mfuko wa nguo kama kila Alhamisi. Peninah aliuvuta mpaka nyuma ya duka, akatoa foronya, akapitisha vidole kwenye pindo la ndani la ile yenye maua ya bluu. Karatasi ilikuwamo.

"Mpendwa Peninah," barua ilisema, "joto la wiki hii limenimaliza. Nimekuwaza sana, na yule mtoto wako uliyempoteza pia namwaza. Usidhani nimesahau. Watu hapa wananiita kutwa lakini hakuna anayeniongelesha. Usiache kuniandikia. Ukiacha nitakufa. Ni mimi, Edith wako."

Peninah aliketi juu ya mfuko wa nguo chafu. Aliogopa, na aliogopa hasa.

Hawa wawili hawakuwahi kuonana. Urafiki wao ulianza kwa kosa. Peninah, akiwa mgeni kazini, alisahau akaandika "foronya" na "shuka" kwenye kikaratasi cha hesabu ya nguo badala ya Kiingereza alichoelekezwa, na mfuko uliporudi kikaratasi kilikuwa kimeongezwa mstari: "Wewe unayejua foronya, ni wa wapi?" Simu ya Edith ilikaa kabatini kwa mama wa nyumba, na Edith alipewa kidogo kila Ijumaa awapigie watoto wake, tena akisimamiwa. Basi wakaandikiana. Wanawake vijana kuandikiana kwa kalamu, kama mabinti wa enzi za posta ya meli, katika mji ambao hata friji zina intaneti! Ni jambo la kuchekesha, lakini njaa ya maneno haichagui sahani.

Na Edith alikuwa na ulimi. Mama wa nyumba yake alimbandika jina la Mkuu wa Mkoa. "Leo Mkuu wa Mkoa amelala mapema, nchi ina amani," angeandika, na Peninah angecheka peke yake katikati ya kanzu za watu mpaka msimamizi amkemee. Lakini kwa majuma ya karibuni mwandiko ulikuwa umeinama upande, mizaha imekauka, Mkuu wa Mkoa hatajwi tena. Peninah alidhani rafiki yake amechoka. Sasa, alipokumbuka tangazo lilivyosema, aliona kwamba barua zile zisizo na kicheko zote zilikuja baada ya Edith kufa.

Dereva alikuwa bado kaunta akingoja risiti. Alikuwa Mbangladeshi mgeni, aliyeletwa baada ya yule wa zamani kurudi kwao, na yeye na Peninah walielewana kwa kile Kiarabu cha kuombea maji ambacho kila mfanyakazi wa Ghuba hujiokotea.

"Edith fi?" Peninah aliuliza. Edith yupo?

"Edith fi," dereva akajibu bila kufikiri. "Fi bait. Zen." Yupo nyumbani, mzima. Akakunja vidole kama ashikaye kikombe na kuonyesha kwamba asubuhi hiyo hiyo, huko nyumbani, Edith alimpa chai.

*

Chumba chao kilikuwa ndani ya vila iliyokatwakatwa kwa mbao, jiko moja na bafu moja kwa kila mtu. Peninah aliishi humo na mumewe Augustine, mlinzi wa mnara mmoja wa West Bay, na nyuma ya pazia alilala Gakii, dada yake Augustine, aliyekuwa akitandika vitanda hotelini huku akitafuta pa kuhamia. Gakii alikuwa ameokoka, na aliokoka kwa sauti.

"Ni mtu anakuchezea," Augustine alisema, akivua kiatu. "Siku hizi matapeli wana akili."

"Tapeli wa foronya?"

"Afadhali tapeli wa foronya kuliko maiti wa foronya."

"Msifanye mchezo," Gakii alisema kutoka nyuma ya pazia. Akalifungua. "Kuna roho zinavaa mtu unayemjua. Zinakuja na sauti yake, na jina lake, na mwandiko wake. Wifi, usijibu hiyo barua. Ukijibu umeifungulia mlango, na mlango wenyewe ni huu wetu sote."

"Si mwandiko wake. Hiyo ndiyo naogopa. Mwandiko si wake lakini vitu anavyojua ni vyake. Kuna kitu nilimwambia Edith peke yake."

"Kitu gani?" Augustine aliuliza.

Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio chenyewe sasa kilikuwa kimeketi kitandani kikiwa na kiatu kimoja mguuni.

"Peni. Kitu gani?"

"Nilikuwa na mimba," alisema. "Ikatoka. Wakati wa Ramadhani, ile siku nilikuambia ni tumbo. Nilikuwa kwa bafu na watu wanagonga mlango, wanasema nitoke wanachelewa kazi. Nikasafisha, nikatoka."

Gakii alifunga pazia polepole, kana kwamba pazia lile lingeweza kumtoa chumbani. Augustine alikishika kiatu chake akakitazama ndani.

"Na ukaambia mtu hujawahi kuona hata uso," alisema. "Ukamwandikia. Ukatafuta kalamu, ukatafuta karatasi. Na mimi nalala hapa."

"Ulikuwa unalala, Augustine. Ulikuwa unafanya shift mbili, ukifika unalala na viatu. Ningekuambia saa ngapi?"

"Ungeniamsha!"

Ubao wa upande wa pili ukagongwa. "Jamani," sauti ya Benard, jirani yao, ikasema kwa upole mwingi, "kuna watu tunaingia kazini usiku. Lakini poleni sana kwa hiyo ya mtoto."

Hivyo ndivyo vila nzima ilivyojua. Kesho yake mwanamke ambaye hawakuwa wakisalimiana alimpisha Peninah kwenye foleni ya bafu, mwingine akamwachia chapati mbili juu ya jiko zikiwa zimefunikwa sahani. Peninah alizila akiwa amesimama, na zilikuwa tamu, na aibu ilimkaba vilevile.

*

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Augustine aliingia na kutoka akisalimia kama mpangaji. Gakii alipaka mafuta ya upako juu ya mlango, juu ya dirisha na, Peninah alipokuwa ameenda kuoga, juu ya mto wake, doa likabaki. Aliomba pia barua zote zikachomwe kwenye sufuria juu ya paa.

"Mpya chukua," Peninah alisema. "Za zamani huzigusi."

"Wifi, mimi nalala hatua chache kutoka hizo karatasi. Wewe unaomboleza, sawa. Mimi naogopa. Kuogopa si dhambi."

Gakii hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kweli, na alizibeba zile mpya kwa koleo la mkaa asije akazigusa. Moto uliziramba, lakini Peninah alikuwa amekwisha zikariri. *Usiache kuniandikia. Ukiacha nitakufa.* Alizisikia kwenye mvuke wa pasi. Alizisikia mashine ya kufua ilipokuwa ikizunguka na shuka za nyumba ile ndani yake, akatazama kile kioo cha duara akiogopa ataona kitu kikitazama kutoka upande ule. Akajiuliza jambo ambalo hakuthubutu kumwambia Gakii: na kama ni Edith kweli? Kama amezikwa Vihiga na bado wanampa nguo afue?

Siku hiyo aliacha pasi juu ya kanzu nyeupe ya mteja. Alishtushwa na harufu. Msimamizi hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliinua kanzu mbele ya wateja waliokuwa kaunta, akaweka jicho kwenye tundu lililoungua, akamchungulia Peninah kupitia hapo. Wateja walicheka. Kisha akasema bei itakatwa kwenye mshahara, na kwamba wako wanawake wengi mjini wanaojua pasi ni moto.

Jioni, Augustine alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda na buibui la kazi bado mwilini. Ni mtu ambaye maneno ya pole humkwama kooni, hutoka kwanza mzaha.

"Ijumaa niko off," alisema. "Twende kwa hiyo nyumba. Kama ni maiti, nitamwuliza kwa nini barua zote hizo hajawahi kunitumia salamu."

Peninah alicheka, halafu akalia, mara ya kwanza tangu tangazo. Augustine alimshika mkono. Baadaye, akitazama ukuta, aliuliza mimba ilikuwa imefika wapi, naye akamwambia, na safari hiyo Benard hakugonga ubao.

*

Walifika Al Rayyan baada ya sala ya Ijumaa, wakati familia nyingi ziko mezani na barabara haina mtu. Augustine alibaki kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, kwa kuwa mwanamume mgeni kwenye lango la watu ni kesi. Peninah alikwenda peke yake, foronya moja ikiwa kwenye mfuko wa plastiki wa duka. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake ya kubisha: amerudisha iliyosahaulika.

Kulikuwa na mlango mdogo wa pembeni, wa wafanyakazi na takataka. Alibonyeza kengele. Miguu ikaja mbio, mlango ukafunguliwa, na Peninah akamwona msichana mdogo wa umbo, mikono ya sare imekunjwa mara kadhaa, pindo la gauni likiburura chini. Edith aliwahi kuandika kwamba yeye ni mrefu hata sare ililazimika kushonwa upya. Gauni lilikuwa lile.

"Nimeleta foronya," Peninah alisema kwa Kiswahili. "Namtafuta Edith."

"Ni mimi," msichana alijibu upesi, hata kabla ya kumtazama. Kisha akamtazama, na uso wake ukafunguka wote. "Woi! Wewe ndio Peninah."

"Edith Mmbone?"

Msichana akaangalia nyuma, akarudisha mlango nyuma yake ukabaki upenyo. "Naitwa Chelsea," alinong'ona. "Lakini hapa hakuna mtu anajua. Siku ya kwanza madam aliniambia watoto wamezoea Edith, na hilo jina lingine ni gumu, so wewe ni Edith. Dereva mwenyewe anajua mimi ni Edith. Kitanda ni yake, hii dress ni yake, hadi kichana nilipewa iko na nywele zake."

"Na barua?"

"Nguo zilirudi kutoka kwa dobi, nikawa natandika. Nikaskia karatasi kwa pindo. Imeandikwa Mpendwa Edith." Akakunja tena mkono wa sare uliomteremka. "Sasa mimi nimeambiwa mimi ni Edith. Nikasoma. Kisha nikapata zile zingine zako kwa tundu ya godoro. Nilizisoma zote, dada Peninah. Kuna moja uliuliza kama nimekula. Tangu nitoke kwetu hakuna mtu alikuwa ameniuliza kama nimekula."

"Haikuwa wewe niliuliza."

"Najua."

"Edith ni marehemu," Peninah alisema. "Amezikwa. Nimekaa na barua zako nikidhani ni maiti ananiandikia. Nyumba yangu imechafuka, kazi karibu ifutwe, nimesikia sauti kwenye mashine ya kufua!"

Chelsea alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Mkono wake ulipanda kifuani, ukashika kitambaa cha gauni, ukakiachia kama kimemchoma. "Wameniambia alirudi kwao," alisema. "Wamesema contract iliisha. Amekufa? Akiwa hapa? Nalala kwa kitanda ya mtu amekufa?"

Hapo Peninah angeweza kuona. Alikuwa amesimama mbele ya mtoto wa watu aliyeogopa kuliko yeye, kwa sababu ile ile. Lakini hasira ikishapanda haina macho. Alichoona ni gauni la Edith kwenye mwili usiokuwa wa Edith.

"Ulimtaja mtoto wangu," alisema. "Ulichukua mtoto wangu ukamweka kwa barua ili nisiache kukuandikia."

"Hapana. Nilimlilia. Kweli, nilipofika hapo nililia."

"Hukuwa na ruhusa ya kulia."

Ndani ya nyumba sauti ya mwanamke ikaita, haikuwa hata sauti kali, ya mtu aliyezoea tu: "Edith! Yalla, Edith!"

"Na'am, madam!" Chelsea akajibu, papo hapo, kwa sauti nyembamba ya furaha ambayo Peninah aliitambua kutoka kwenye barua. Edith aliieleza mara nyingi: sauti anayoivaa pamoja na aproni.

Chelsea aliupokea mfuko wa plastiki. "Niandikie," alisema haraka. "Hata kama ni ya kunitusi. Tafadhali, dada."

"Mimi huandikia Edith," Peninah alimjibu. "Na Edith amezikwa."

Akaondoka. Nyuma yake hakusikia mlango ukifungwa.

*

Nyumbani hofu iliisha. Gakii alimshukuru Mungu kwa saa nzima, na kwa haki akamwombea pia yule msichana. Augustine aliwasimulia wenzake wa West Bay habari ya maiti wa foronya wakacheka hadi redio zao za mkononi zikalalamika. Peninah pekee ndiye ambaye hakutulia. Alimwomboleza Edith kwa mara ya kwanza sawasawa, akisoma barua za zamani, akicheka pale pa Mkuu wa Mkoa. Edith hakuwa mwandishi wa barua zile mpya, kwa hiyo hakuwa ameteseka baada ya kufa, na hilo lilikuwa faraja. Lakini maana yake pia ni kwamba Edith alikuwa amekwisha kweli.

Alhamisi iliyofuata karatasi ilikuwamo kwenye pindo. Peninah hakuifungua. Hakuitupa pia. Aliipeleka nyumbani akaisukuma chini ya godoro, na iliyofuata, na nyingine. Kisha ikaja Alhamisi ambayo pindo lilikuwa tupu. Alijiambia kwamba sasa ni amani. Wiki nyingine, tupu tena. Akaanza kuukagua ule mfuko wote, hata soksi za watoto.

"Unatafuta nini?" Augustine alimwuliza jioni moja, alipomkuta akiinua godoro. Alimwonyesha. Augustine aliziangalia zile karatasi zilizokunjwa, hazijafunguliwa hata moja.

"Peni, huyo msichana alikosa nini? Kukupa pole?"

"Aliniibia."

"Mimi nilichelewa kukupa pole, na bado unanipikia." Akatoka nje, kwa sababu kwa Augustine hayo yalikuwa maneno mengi mno.

Peninah alizifungua. Ya kwanza ilianza: "Naitwa Chelsea. Sijui kama unataka kujua lakini nimeona nianze hapo." Ilisema kwamba yeye ni kitinda mimba, hapendi maharagwe, na amehamishia godoro lake sakafuni kwa heshima ya Edith. Ya pili iliomba radhi, ukurasa mzima. Ya mwisho ilikuwa fupi. "Dada Peninah, vile ulisema Edith amezikwa nimefikiria sana. Nimeona ni vibaya kuitika. Ni kama nakanyaga kaburi. Jana wakaita nikanyamaza. Nikamwambia madam mimi ni Chelsea. Amekasirika, anasema nina kichwa ngumu, watoto nao wanalia. Kesho nitanyamaza tena. Nataka tu mtu mmoja aniambie kama ninafanya vizuri."

Peninah aliisoma akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Aliona uchungu na aliona haya, na hakuna aliyemwambia asione. Siku ile ile aliandika "Mpendwa Chelsea" juu ya karatasi, akaandika mpaka kalamu ikakwaruza. Alimwambia anafanya vizuri. Alimwambia pole. Alimwuliza kama amekula. Aliishona barua kwenye pindo kwa uzi mweupe, na Alhamisi dereva akaondoka na nguo.

Jibu lilikuja. Peninah aliuona mwandiko kabla ya maneno, herufi za mviringo, za mtu aliyeshika kalamu kwa nguvu.

"Habari yako. Nimeona barua nikafurahi kupata mtu wa lugha yetu. Lakini mimi simjui huyo Chelsea. Aliyekuwa hapa alirudishwa ofisini kabla sijafika. Mimi ndiye Edith wa hapa sasa. Tafadhali nijibu."

Peninah alitoka mbio mpaka kaunta. Dereva alikuwa bado anahesabu hanga. Kwa Kiarabu kile cha kuombea maji, na kwa mikono, na karibu kwa machozi, alipata kwake namba ya ofisi ya wakala inayoleta wasichana wa nyumba ile. Hakumwomba msimamizi ruhusa. Alimpigia Augustine kazini, na Augustine, ambaye hajui kupiga pole lakini anajua kupiga simu, alipigia ile ofisi papo hapo na kuwaunganisha wote watatu.

"Tunatafuta msichana Mkenya," Augustine alisema. "Alirudishwa kutoka nyumba ya Al Rayyan. Yuko wapi?"

Mwanamume wa ofisini alikuwa na haraka lakini hakuwa na ukali. Alitaja nyumba ile, akasikika akibonyeza vitufe. "Kutoka hapo, nina Edith," alisema. "Ameshapata nyumba nyingine, mbali."

"Si Edith," Peninah alisema. "Chelsea. Anaitwa Chelsea."

"Chelsea wako wengi, sister. Chelsea nani?"

Duka lilikuwa limejaa mvuke, msimamizi alikuwa anamwangalia, na kwenye simu watu wawili walikuwa wakimsubiri. Peninah alijua kwamba Chelsea ni kitinda mimba. Alijua hapendi maharagwe. Hakujua baba yake ni nani wala kwao ni wapi, kwa sababu hakuwahi kumwuliza.

"Hello?" mtu wa ofisini alisema. "Chelsea nani?"

"Sijui," Peninah alisema.

Simu ikakatwa. Dereva alikuwa amefungua mlango wa gari, mfuko wa nguo safi ukiwa tayari kwenye kiti, foronya nyingine ya maua ya bluu juu kabisa. Peninah alimfanyia ishara angoje. Akachukua kitabu cha risiti cha msimamizi, mbele ya msimamizi mwenyewe, akachana ukurasa.

"Wewe si Edith," aliandika. "Niandikie majina yako yote matatu, vile yako kwa kitambulisho. Niandikie jina la mama yako na la kijiji chenu. Usinijibu jambo lingine kabla ya hilo."

Chini yake akaandika ya kwake, yote matatu.